Rangi Isiyokauka

Katika wanawake wote wa hapa kwetu waliowahi kufufua boti ya mwendo kasi, mimi ndiye namba moja. Hakuna wa kunifikia. Kusema kweli hakuna namba mbili, na kazi ngumu ilifanywa na fundi matangi, na mimi mwenyewe kuogelea sijui; maji yakinipita magoti naanza kuwaaga watu. Lakini namba moja ni namba moja. Shule niliishia la sita, kwa hiyo mniachie hesabu zangu kama zilivyo.

Boti yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja, na marehemu mume wangu alikuwa fundi wake wa injini. Enzi zake ilikuwa na injini mbili nyuma, zinakunywa petroli kama wageni wasiolipia, na ikipita watu wote ufukweni wanageuza shingo. Tajiri aliponunua nyingine, akamwambia mume wangu, "Chukua hilo takataka, nisilione tena." Akazing'oa injini zote mbili kwanza, maana tajiri hakupi takataka iliyo nzima. Mume wangu akaliburuta ganda hilo hadi uani kwetu, kati ya jiko langu na maji, akaliweka juu ya matairi sita, akasema, "Mwaka huu naitengeneza." Alisema hivyo miaka tisa. Mwaka wa kumi hakusema kitu, kwa sababu hakuwepo.

Kuku wa jirani yangu, Mama Mapacha, wakaifanya hospitali ya uzazi. Kila asubuhi nilikuwa naokota mayai humo, nusu nampelekea mwenyewe, nusu nabaki nayo kama kodi ya chumba.

Sasa, Jumapili moja walinijia watu wawili. Wa kwanza ni mwanangu wa kwanza, ambaye ana ofisi, ana gari, na ana tabia ya kuongea na mimi polepole kama anasoma tangazo. Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Huyu tunamwita Kanuni. Alikuwa karani kwenye ofisi ya kivuko mpaka akastaafu, na alipostaafu alirudi nyumbani na kanuni zote. Anavaa suruali nyeupe, Jumatatu hadi Jumapili, zimepigwa pasi mpaka ule mstari wa mbele unaweza kukata kitunguu. Najua suruali zake zote, maana mimi ni fundi cherehani na ndiye ninayemshonea.

"Mama," akaanza mwanangu, "umri umekwenda."

"Umekwenda wapi? Mbona mimi nimekaa hapa?"

"Mama, usifanye utani. Tumekaa na baba mdogo tukaona uhamie kwangu. Chumba kipo, televisheni ipo, kila kitu kipo."

"Na kazi?"

"Kazi ya nini tena, mama? Utapumzika tu."

"Nitapumzika mpaka lini?"

Wote watatu tulikuwa tunajua mpaka lini.

Kanuni akakohoa kile kikohozi chake cha dirishani, cha kumwambia mteja arudi kesho. "Na ua huu, shemeji, usiwe na wasiwasi nao. Nitautunza mimi. Nia yangu ni afya yako tu."

Nikamtazama. Wiki moja kabla yake alikuwa amekuja mtu nisiyemjua, ana futi ya kupimia ya chuma, akapima ua wangu kutoka jikoni hadi majini, akaniuliza banda la kuoshea magari likae upande gani ili maji yasirudi. Nikamuuliza kwani yeye nani. Akasema, "Mzee Kanuni alinihakikishia mwenye nyumba ameshahama." Nilipomwambia mwenye nyumba ndiye huyu anayeongea naye, ile futi ilijikunja kwa kasi mpaka ikambana kidole.

Hilo sikumwambia mwanangu. Baba yake mdogo ndiye aliyemfundisha kusoma saa, na mtu aliyekufundisha saa huwezi kuambiwa ni mwongo ukakubali, hata kama anayekuambia ni mama yako. Ilibidi nitafute neno jingine. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, macho yakaangukia kwenye boti.

"Siwezi kuhama," nikasema. "Nina kazi haijaisha. Natengeneza boti."

Papo hapo kuku mmoja akatoka kwenye usukani, akajikung'uta, akatangaza yai.

Mwanangu akacheka, nikamsamehe, kuku alikuwa anachekesha kweli. Lakini Kanuni alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Akaivaa, akaitazama boti, akaivua tena. "Shemeji! Hiyo hata kuzama haiwezi, itayeyuka kabla!" Asingecheka mara ya pili, huenda saa hizi ningekuwa kwa mwanangu natazama televisheni. Ile mara ya pili ndiyo iliyonivimbisha shingo.

"Itavuka," nikasema. "Itavuka na watu ndani, na itarudi. Ng'ambo kule kuna zahanati. Kivuko kikubwa kinapita mara mbili kwa siku na hakisubiri mtu, hata mwenye uchungu wa kuzaa. Kwa barabara ni nusu siku. Nitavusha watu wanane wanane. Tena mniandikie hapa hapa."

Kanuni hasikii ukimwambia njaa, ila ukimwambia kuandika anasikia. Akatoa karatasi mfukoni, ameikunja mara nne, akaandika. Moja: boti ivuke na kurudi ikiwa na abiria, kwa injini yake yenyewe, mbele ya mkaguzi wa vyombo vya majini, kabla ya miezi mitatu kuisha. Mbili: nisiwaombe watoto wangu hata senti. Tatu: maji yakiingia ndani yakapita vifundo vya miguu, boti imeshindwa. Nikishindwa, nafungasha siku hiyo hiyo. Nikishinda, asinitajie mtu neno kuhama mpaka nilitaje mwenyewe.

Nikatia sahihi. Jina langu naliandika vizuri sana, hilo darasa la sita linatosha.

Kesho yake nilikwenda nyuma ya soko kwa fundi matangi. Huyu ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mkimya, anacheka kwa mabega tu. Anatengeneza matangi ya maji kwa nyuzi za kioo na gundi ya resini, ambavyo ndivyo hivyo hivyo boti ilivyotengenezwa. Tofauti ni kwamba kwenye tangi maji yanakaa ndani. Nilimwambia mambo yangu yote bila kuficha. Akafikiri. Akasema, "Bibi, mke wangu amenisumbua mapazia mwaka mzima." Basi tukaelewana. Mapazia ya nyumba nzima, mimi. Jioni zake na mabaki ya karakana yake, yeye.

Alipoikagua boti alikuwa anaigonga kwa mpini wa bisibisi, ko, ko, ko, halafu mahali fulani ikaitika bwe. Akanitazama. Akagonga tena. Bwe.

"Hapa imeoza, bibi."

"Wapi?"

"Afadhali uniulize wapi haijaoza."

Ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma kabisa unaobeba injini, ulikuwa umelowa kama mkate kwenye chai. Chini ya sakafu kulikuwa na povu gumu la manjano, waliloliweka kiwandani ili boti ielee hata ikijaa maji. Miaka yote hiyo lilikuwa linanyonya mvua. Nililichimba kwa kisu cha jikoni na upawa, siku kumi na moja, nimelala kifudifudi, na nikilikamua linatoa maji ya mwaka ambao mume wangu alikuwa bado anasema "mwaka huu."

"Na badala yake tutaweka nini?" nikauliza. "Povu jipya?"

Fundi akacheka kwa mabega. Povu jipya lilikuwa la watu wenye injini mbili.

Tukaweka chupa. Chupa tupu za maji ya kunywa, zile watu wanatupa. Mama Mapacha akaingia kazini. Yule mwanamke akiamua jambo, hata mwenyekiti wa mtaa anajificha. Alikusanya chupa kwenye vibanda, stendi, mpaka kwenye mkutano wa wakubwa aliingia akatoka na gunia. Tukazifunga vifuniko, tukazipaka gundi mdomoni moja moja, tukazipanga chini ya sakafu kama watoto wa bweni. Mia nne na zaidi. Kanuni alipita siku hiyo, akasimama mbali na vumbi.

"Shemeji, sasa unafungua duka la soda?"

"Karibu, shemeji. Lakini hatukopeshi wenye suruali nyeupe."

Kazi ya nyuzi za kioo ndiyo iliyonipa raha. Ile ni kitambaa, jamani! Kitambaa kabisa, kimefumwa, kinawasha kama upupu, unakilaza, unakipaka resini, kinakuwa jiwe. Fundi alikuwa anakikata mraba kama bahasha, halafu kwenye kona kinamfanyia makunyanzi na mapovu. Anapasua, anarudia, makunyanzi tena. Kwenye tangi la duara hana kona, hakuwahi kusumbuka. Nilimwacha ahangaike mara tatu, kwa heshima. Mara ya nne nikashindwa.

"Mwanangu, hiyo kola unaikataje?"

"Kola gani, bibi?"

"Kata mshazari. Kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika, kinakaa kwenye bega la mtu bila ugomvi. Boti nayo ina mabega."

Nikamnyang'anya mkasi. Kipande changu kilishuka kwenye kona kikalala kama paka. Fundi akakipapasa, akakipapasa tena, akanisogezea kitambaa chote. Toka siku hiyo kukata nikawa mimi, kupaka yeye, na najua mpaka leo matangi yake yana kona.

Msije mkadhani sikukosea. Resini haikauki bila dawa ya kuigandisha, na dawa hiyo ni matone tu. Siku ya kwanza niliimimina kwa kijiko, kama hamira, nikaona ikizidi itaumuka vizuri. Kile kikombe kilitoa moshi, kikalia, kikayeyuka juu ya kigoda changu. Kigoda hicho bado ninacho, kina kikombe. Mgeni akija namwambia ni mtindo wa sasa.

Injini tuliipata kwa mwenye mashine ya kusaga nafaka, ambaye alikuwa amehamia kwenye umeme. Injini ya dizeli, pistoni moja, ya kuwashwa kwa mpini wa kuzungusha. Nilimlipa kwa sare za shule za watoto wake, na yule bwana ana watoto kama darasa zima, wengine niliwapima mara mbili nikidhani ni wapya. Fundi akaifunga katikati ya boti, akatoboa, akapitisha mhimili hadi kwenye panga la nyuma linalosukuma maji. Kuipoza, akaiwekea pampu na mpira mnene unaovuta maji kutoka nje na kuyatema upande wa pili. Tulipoiwasha uani kwa mara ya kwanza, ilisema du, du, du, na unga wa miaka mingi ukatoka kwenye bomba la moshi ukatufunika sote. Boti iliyokuwa ikipita kama risasi, sasa ingekwenda kama bata mjamzito. Nikasema sawa. Mimi mwenyewe siku hizi nakwenda hivyo hivyo na nafika.

Ikabaki rangi. Hapa ndipo nilipofanya kosa la kuingia kwenye vitabu.

Tulikuwa na kopo moja la rangi ya mafuta, ya kijani, mabaki ya shule waliyoipaka upya. Nzito kama uji uliolala. Ilikuwa Jumatano, na Ijumaa ndiyo siku ya mkaguzi. Fundi alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Nikajua rangi ya mafuta inazimuliwa kwa kitu cha jamii ya mafuta. Mafuta ya taa yalikuwepo kidogo, lakini hayo ni ya jiko langu. Nikatazama kabatini. Mafuta ya kupikia yalikuwa chupa nzima. Nikajiambia, mafuta si mafuta?

Ilipakika vizuri ajabu. Iling'aa. Jioni iling'aa. Alhamisi iling'aa vile vile, na nzi kumi na wawili juu yake, hai. Kuku wa Mama Mapacha akaruka kwenda kwenye chumba chake cha uzazi kama kawaida, akatoka ana mkia wa kijani. Fundi akaja, shavu limevimba, akagusa kwa kidole, akakitazama kidole.

"Bibi, umeizimua na nini?"

"Na mafuta."

"Mafuta ya nini?"

"Ya... nyumbani."

Mabega yake yalianza kutikisika, akashika shavu kwa maumivu, akawa anacheka na kulia. "Hii haitakauka, bibi. Hata wajukuu wako wataikuta mbichi. Na ikishika nguo, haitoki kwa sabuni."

Hapakuwa na rangi nyingine wala muda. Tukatandika magunia sehemu za kukalia na ukingoni, tukaiacha nyuma ilivyo, nani atapanda kwa nyuma? Nikachukua rangi nyeupe ya ukutani, nikaandika jina ubavuni: BADO NIPO. Herufi ya mwisho ilitiririka kidogo. Hatukumwambia mtu habari za rangi. Siri ikabaki kwangu, kwa fundi, na kwa kuku.

Ijumaa asubuhi tuliisukuma majini watu wengi, kwa magogo, tukiwa tumeshika magunia. Ilielea. Fundi akapiga magoti ufukweni, ameyakinga na gunia yasiguse rangi ya tezi, akafunga kizibo mwenyewe: chini ya tezi, juu kidogo ya maji boti ikiwa tupu, kuna tundu la kutolea maji boti inapokuwa nchi kavu, kizibo chake ni cha kuzungusha kama skrubu. Tukaifunga kwenye mti wa gati, nyuma ikielekea nchi kavu. Saa nzima tukaitazama ndani. Kavu. Nililia kidogo, nikasingizia moshi, na injini ilikuwa haijawashwa.

Mkaguzi akatuma ujumbe angechelewa hadi saa nane. Basi nikawakaribisha watu wale chakula ndani: mwanangu, Mama Mapacha, fundi na shavu lake, na Kanuni. Kanuni alikula haraka, akafuta mdomo, akasema anakwenda kutafuta gazeti. Nikamwona miwani yake imebaki mezani, kando ya sahani. Nikataka kumwita. Nikaona ah, atarudi.

Alirudi. Tulipotoka nje tulimkuta ameketi kwenye kiti changu cha plastiki chini ya ukuta, gazeti limetandazwa mapajani, anasoma kwa bidii, bila miwani.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira na penseli sikioni. Watu wote tukasimama kumsalimia. Kanuni, ambaye miaka thelathini aliwafundisha watu kusimama mbele ya mkaguzi, akanyoosha mkono akiwa ameketi.

"Samahani, afisa. Goti."

"Pole, mzee," akasema mkaguzi. Akaitazama boti, akatazama jina. "Nani nahodha?"

"Mimi," nikasema.

"Unajua kuogelea, bibi?"

"Sina mpango wa kuanguka."

Akaandika kitu. Sijui aliandika nini mpaka leo. Tukapanda tukiwa wanne: mkaguzi, Mama Mapacha kama abiria, fundi kwenye injini, mimi kwenye usukani, nimekalia mto wangu wa cherehani ili nione mbele. Mwanangu akabaki gatini, uso umemkauka; nadhani ndiyo kwanza alikuwa anaelewa kwamba mama yake haongei utani. "Mama, ukiona vibaya rudi," akasema. Hakusema polepole. Alisema haraka, kama mtoto.

Du, du, du. Ikaenda! Jamani, ikaenda! Ng'ambo ikaanza kukua, paa la zahanati likawa paa, madirisha yakawa madirisha. Nikamkumbuka marehemu. Nikamwambia kimoyomoyo, mwaka huu ndio huu, baba.

Tulikuwa katikati kabisa Mama Mapacha aliposema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Jirani, viatu vyangu vinaelea."

Nikatazama chini. Maji. Yanakuja kutoka nyuma, taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua kwake.

"Geuza," akasema mkaguzi.

"Tupo katikati, afisa, nyuma na mbele umbali ni ule ule," nikamwambia. "Na mbele kuna zahanati."

Fundi alikuwa ameshalala kifudifudi, mkono wake umezama hadi begani huko nyuma. Akainua uso. "Kizibo hakipo."

"Kimetoka?"

"Hakitoki chenyewe, bibi. Nilikikaza kwa spana."

Moyo wangu ulikwenda mbio kuliko injini. Mimi na maji tunajuana. Lakini chini ya miguu yangu nilisikia kitu: zile chupa. Zilikuwa zinasukuma sakafu juu, mia nne na zaidi, kila moja inasukuma kidogo chake. Boti ilikuwa imelemewa, lakini haishuki tena. Nikapata akili. Ndani ya kapu langu nilikuwa na chupa ya chai, na chupa hiyo kifuniko chake kilipotea zamani, naiziba kwa gunzi la hindi. Nikalichomoa. Nikachana ukingo wa gauni langu, mshazari, nikalizungushia, nikampa fundi. Akalisokomeza. Likashika.

"Na haya yaliyoingia?" akauliza mkaguzi, ameinua viatu vyake.

Fundi alivuta ule mpira unaonyonya maji nje kwa ajili ya kuipoza injini, akautumbukiza ndani ya boti. Injini ikaanza kunywa maji yetu na kuyatema nje, du, du, du, kama ilikuwa inasubiri kuombwa.

Mkaguzi akatoa ile karatasi ya Kanuni, maana alikuwa amepewa nakala. "Bibi, kanuni ya tatu hapa inasema maji yasipite vifundo vya miguu."

Nikanyoosha miguu yangu mbele yake, yote miwili. "Vionyeshe vilipo, afisa. Mimi vifundo vyangu nilivipoteza kwenye mimba ya tatu."

Akatazama. Akatazama sana. Miguu yangu imeshuka wima kama nguzo, haina mahali pa kusema hapa ndipo. Penseli ikamdondoka kwa kicheko. Halafu akawa mkali: "Boti inayotobolewa katikati ya maji ikafika, hiyo naipitisha. Lakini kizibo kipya, na kifungwe kwa mnyororo. Na nataka kujua cha kwanza kilikwenda wapi."

"Hata mimi," nikasema.

Tukagusa ng'ambo, mwuguzi mmoja akatupungia, tukageuza. Tulipofika nyumbani boti ilikuwa kavu kama ulimi wangu. Mwanangu akaingia majini na viatu vyake vya ofisini kunishika mkono, na mkono wake ukawa wa kijani, wala hakuuona.

Kanuni alikuwa pale pale kwenye kiti, gazeti mapajani. Akatuita kwa mbali kabla hata sijakanyaga mchanga: "Maji yamefika wapi?"

Nikasimama. "Maji gani, shemeji?"

"Yaliyo... Si kwa kawaida boti mbovu huingiza maji?"

"Mtu alifungua kizibo, baba mdogo," akasema mwanangu, ambaye fundi alikuwa ameshamnong'oneza. "Nani alikuja huku tukiwa tunakula?"

"Mimi usiniulize," akasema Kanuni, na ile sauti ya dirishani ikamrudia. "Mimi boti hiyo sijaisogelea tangu mwezi uliopita. Vumbi lake linaniudhi. Mkaguzi ni shahidi, hata kuinuka siwezi."

"Mwezi uliopita," nikarudia taratibu. "Kabla sijaipaka rangi."

"Kabla kabisa."

Fundi alianza kutikisika mabega. Mimi nilimsogelea shemeji yangu, mikono yangu imelowa, inachuruzika maji.

"Basi nipe kurasa mbili nifute mikono, shemeji. Hilo gazeti huwezi kulisoma, miwani iko mezani kwangu."

Akalishika kwa mikono miwili. Nikalishika na mimi. Mkaguzi akaja kutazama, mwanangu akaja, Mama Mapacha akaja na kuku wake mwenye mkia wa kijani kwapani. Nikavuta. Kwenye ile suruali nyeupe, juu ya ule mstari unaokata kitunguu, palikuwa na miduara miwili ya kijani, mbichi, inang'aa, mmoja kila goti.

"Shemeji," nikamwambia, "suruali hiyo nimekushonea mwenyewe. Sikumbuki kuitia viraka."